Udongo wa haidranjia Tanga: mlimani na pwani si kazi moja

Chukua haidranjia moja, kata vipandikizi viwili, kimoja ukipande Lushoto mlimani na kingine Raskazone, pwani ya Tanga mjini. Cha Lushoto kitachanua bluu. Cha Raskazone, kikibahatika kuchanua, kitakuwa cha waridi iliyofifia, na majani yake yatakuwa yameanza kuwa ya njano zamani. Mmea ni uleule na mkoa ni uleule. Kilichobadilika ni udongo na baridi ya usiku, na kati ya hivyo viwili ni udongo tu unaoweza kuutengeneza kwa jembe na ndoo.

Ndiyo maana maelekezo ya jumla kuhusu maua haya huwapotosha watu wa Tanga. Kuna mwambao uliokaa juu ya mawe ya matumbawe, kuna tambarare za mkonge za Muheza na Korogwe, halafu kuna milima ya Usambara ambako mvua imekuwa ikiosha ardhi miaka na miaka mpaka chokaa yote imekwenda zake. Mtu wa Bumbuli, huko mlimani, akifuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya udongo wa chokaa atamwaga salfa ya kuongeza tindikali pasipohitajika. Mtu wa Chumbageni, Tanga mjini, akifuata ushauri wa Bumbuli atachimba shimo, atatia samadi, atapanda, na mmea utadhoofu polepole huku yeye akitafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Ninayoizungumzia hapa ni ile haidranjia ya majani mapana yenye meno pembeni na kichwa kikubwa cha maua cha mviringo, asili yake Japani, jina la kitaalamu *Hydrangea macrophylla*.

Rangi inatoka wapi

Bluu na waridi za haidranjia zinatokana na rangi asilia moja ndani ya ua. Alumini ikifika kwenye ua huishika rangi hiyo na kuigeuza bluu. Isipofika, ua linabaki la waridi. Ikifika kidogo, unapata zambarau, au kichwa kimoja chenye rangi mbili. Maua meupe hayana rangi ya kugeuzwa, kwa hiyo usipoteze dawa juu yake.

Karibu kila udongo wenye mfinyanzi una alumini ya kutosha. Shida ni kwamba alumini hiyo imefungwa, na ufunguo wake ni tindikali. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) ya 5.5 kushuka chini, alumini huanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo na mizizi huinywa. pH ikipanda juu ya 6, inarudi kufungika. Kwa hiyo ukitaka bluu, lenga kati ya 5.0 na 5.5. Ukitaka waridi safi, lenga 6.0 hadi 6.3. Usipite 6.5 kwa tamaa ya waridi iliyokolea, maana huko juu chuma nacho kinafungika, na mmea bila chuma hauwezi kutengeneza ukijani wake.

Kuna mchezaji wa pili ambaye watu humsahau: fosforasi. Ikiwa nyingi kwenye udongo hushikamana na alumini, na zote mbili zinakuwa kama hazipo. Mtu anaweza kuwa na udongo wa pH 5.2, sahihi kabisa, halafu akaweka mbolea za fosforasi kama DAP au TSP kwenye shimo wakati wa kupanda kama alivyozoea kufanya kwenye mahindi, na bluu isionekane. Samadi ya kuku wa mayai ina kosa hilohilo mara mbili, kwa sababu ina fosforasi nyingi na chokaa nyingi inayotokana na chakula chao.

Lakini kabla ya rangi kuna uhai. Mizizi ya haidranjia ni myembamba, mingi, na karibu yote inakaa kwenye sentimita 30 za juu. Inataka unyevu kila siku na hewa kila siku. Udongo unaotuama maji unaiozesha. Mchanga mtupu unaikausha kabla ya adhuhuri. Tifutifu yenye mboji nyingi ndiyo inayotafutwa, na hilo halibadiliki iwe unataka bluu au waridi.

Ujue kwanza ulichonacho

Jaribio la kwanza halina gharama. Chukua udongo mkavu kutoka kina cha kiganja, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Weka sikio karibu. Ukisikia mlio kama wa kuchemka na kuona vipovu vidogo vinapanda, udongo wako una chokaa huru ndani yake. Usitumie udongo uliokaa juu kabisa kando ya nyumba, kwa sababu vumbi la saruji litakudanganya. Jaribu sehemu tatu nne za kiwanja, na jaribu pia vile vipande vyeupe vinavyovunjika kwa kucha. Mara nyingi ni matumbawe yaliyosagika. Jibu la siki linagawa kazi yote iliyobaki. Palipotoa povu, usipande ardhini. Pasipotoa povu, endelea kupima.

Kwa pH, karatasi za kupimia zinatosha kukuonyesha uko upande gani. Changanya kipimo kimoja cha udongo na vipimo viwili na nusu vya maji ya mvua au maji ya betri yaliyochujwa (yale yasiyo na asidi), koroga, acha nusu saa, kisha chovya karatasi kwenye maji ya juu yaliyotulia. Ukitumia maji ya kisima utakuwa unapima kisima. Vile vijiti vya kuchomeka ardhini vinavyouzwa bei rahisi, visivyotumia betri, siviamini hata kidogo. Havina uwezo wa kutofautisha 5.5 na 6.5, na kwa haidranjia tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Anayetaka jibu kamili tuna bahati ya kuwa na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano palepale wilayani Muheza, kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Chukua udongo sehemu kumi za bustani, kina cha sentimita 0 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, uanike kivulini, na utoe nusu kilo. Omba pH, fosforasi, kaboni na chumvi. Kwa anayekusudia kupanda miche mingi ya biashara, matokeo hayo yanaokoa fedha nyingi kuliko mfuko wowote wa mbolea.

Halafu pima jinsi maji yanavyopita. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache likauke lote, lijaze tena, na safari hii uangalie saa. Maji yakishuka kwa kasi isiyofika sentimita 2 kwa saa, hapo patatuama masika. Inua tuta, au tafuta pengine.

Mlimani: udongo uko tayari, kazi ni kutouharibu

Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukienda Magamba unapanda zaidi. Usiku wa huko ndio unaoitaka haidranjia: vichipukizi vya maua hutungwa vizuri pale baridi ya usiku inaposhuka chini ya nyuzi 18 kwa wiki kama sita au nane mfululizo. Na udongo wake mwekundu uliooshwa na mvua una tindikali kwa asili. Alama ya haraka ni chai. Palipostawi chai, kama Bumbuli au Kwamkoro upande wa Amani, haidranjia itachanua bluu bila kununua chochote, kwa sababu chai nayo inapenda tindikali na inakaa vizuri na alumini.

Kosa kubwa la mlimani ni jivu. Jivu la jikoni humwagwa bustanini kila asubuhi kwa nia njema, na jivu ni chokaa na potasiamu. Miezi michache tu ya jivu chini ya shina moja inatosha kuigeuza bluu kuwa zambarau chafu. Lipeleke kwenye migomba.

Shimo liwe pana kuliko lilivyo refu. Kwa mche uliotoka kwenye mfuko wa sentimita 20, chimba upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30 tu. Changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya lita 10 ya mboji ya majani au samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu tena. Kwenye miteremko mikali, ambako tabaka la juu limekwishachukuliwa na maji, weka ndoo mbili. Panda mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye mfuko. Ukifukia shina, linaoza. Kutoka mche hadi mche acha mita 1 hadi 1.2. Kwenye mteremko, panga mawe au magogo upande wa chini ili kila mmea uwe na kijukwaa chake cha usawa, vinginevyo maji ya kumwagilia yanapita juu na kuondoka.

Kama unakaa mlimani na unataka waridi, hapo ndipo unapohitaji chokaa ya kilimo, bora ile ya dolomaiti yenye magnesi. Anza na gramu 150 kwa mita moja ya mraba, ichanganye na sentimita 20 za juu, mwagilia, subiri miezi miwili au mitatu, pima tena. Udongo wenye mfinyanzi na mboji nyingi ni mgumu kusogea na utahitaji kurudia. Mbolea ya Minjingu inafaa sana hapa, kwa sababu inaleta fosforasi na kalisi pamoja, vitu viwili vinavyoifungia alumini njia. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka bluu asiiguse.

Na udongo wa msituni usichukuliwe. Amani na Magamba ni hifadhi za asili, na lile tabaka jeusi la juu ndilo linaloishikilia milima. Mboji ya majani ya bustani yako mwenyewe, ikikaa kwenye lundo lenye unyevu kwa miezi sita, ni nzuri vilevile na haina mbegu za magugu ya ajabu.

Pwani: usipigane na matumbawe

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Mji wa Tanga umejengwa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa iliyochimbwa na maji, na Pongwe chokaa hiyohiyo inalisha kiwanda cha saruji. Udongo uliokaa juu yake unaweza kuwa na pH ya 7.5 hadi 8 na zaidi. Kila mtu aliyesoma kidogo atakuambia: weka salfa ishuke. Tufanye hesabu. Mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 30 ina udongo wa takribani kilo 390. Ikiwa asilimia moja tu ya udongo huo ni chokaa, hiyo ni kilo 3.9 za chokaa, na kuimaliza kunahitaji kilo 1.25 za salfa safi. Udongo uliotoa povu kwa siki mara nyingi una chokaa zaidi ya asilimia moja, na chini yake kuna jiwe zima linaloendelea kuyeyuka kila mvua inaponyesha. Utanunua salfa mpaka uchoke na jiwe litabaki palepale.

Kwa hiyo inua mmea. Una njia mbili, tuta la kuinuliwa au chungu.

Tuta liwe na kimo cha sentimita 45. Usilizungushie tofali za saruji. Saruji inatoa chokaa kila inapolowa, na mizizi iliyo karibu na ukingo ndiyo itakayoonyesha njano ya kwanza. Tumia mbao au magogo ya mnazi. Chini tandaza nailoni ngumu yenye matundu pembeni tu, ili maji yatoke lakini mizizi isishuke kwenye matumbawe. Tuta la mita moja kwa mita moja linameza debe 22 hivi za mchanganyiko, kwa hiyo piga hesabu ya usafiri kabla ya kuanza. Kwa mtu mwenye miche mitatu minne, chungu ni akili zaidi.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 40 na kina kama hicho, ambacho kinabeba debe mbili, yaani lita 40. Kidogo kuliko hapo, jua la Tanga litakikausha mara mbili kwa siku. Vyungu vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara ni vizuri kwa macho na vibaya kwa haidranjia vikiwa vipya. Ukikipenda sana, kijaze maji, yamwage kila siku kwa wiki mbili, kisha kipake rangi ya lami kwa ndani na ukiache kikauke kabisa. La rahisi zaidi ni kuweka ndoo ya plastiki iliyotobolewa ndani ya chungu hicho. Matundu ya chini yawe manne au zaidi, ya upana wa kidole.

Mchanganyiko wa chungu kimoja, kwa ndoo ya lita 10, ni ndoo mbili za vumbi la makumbi ya nazi, ndoo moja ya udongo mwekundu, nusu ndoo ya mboji ya majani iliyochekechwa, na nusu ndoo ya mchanga mkali wa mto au pumba za mpunga. Kila kimoja kina masharti yake.

Vumbi la makumbi linashika maji vizuri na pH yake inafaa, kati ya 5.5 na 6.5 kwa kawaida, lakini makumbi yaliyoloweshwa kwenye maji ya bahari yanakuja na chumvi. Loweka kwenye pipa la maji matamu, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Onja yale maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ladha ya chumvi, rudia tena. Hata likishaoshwa, vumbi hilo linabaki limeshika potasiamu na sodiamu, na litanyang'anya kalisi na magnesi utakazoupa mmea. Dawa yake ni kuliloweka usiku kucha kwenye maji yenye nitrati ya kalisi, gramu 4 kwa lita, halafu kulisuuza. Wengi huruka hatua hii, na miezi miwili baadaye wanaona majani machanga yamejikunja na kuungua ncha.

Udongo mwekundu hauwekwi kwa ajili ya uzito. Vumbi la makumbi halina alumini ya maana, kwa hiyo chungu cha makumbi na mboji tupu kinaweza kuwa na pH 5.2 na bado ua likatoka la waridi. Udongo mwekundu wa upande wa Muheza vijijini, unapoanza kupanda kuelekea Amani, ndio unaoleta alumini. Upime kwa siki kwanza. Udongo wa kichuguu usiutumie, ingawa unaonekana mzuri na laini. Mchwa hukusanya kalisi, na pH ya kichuguu mara nyingi iko juu ya ile ya ardhi iliyokizunguka.

Mchanga wa ufukweni ni marufuku. Umejaa vipande vya kome na matumbawe pamoja na chumvi. Mchanga wa mto ukiwa na chembe za ukubwa wa mchele ni bora. Maranda na unga wa mbao mbichi navyo viache, kwa kuwa vikioza vinakula naitrojeni ya mmea na, kwa hapa kwetu, vinaita mchwa. Takataka za mkonge kutoka korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, ambazo watu wa Tanga tunazipata kirahisi, zikiwa mbichi zinachacha na kupata joto la kuunguza mizizi; zikioza zina kalisi nyingi, kwa hiyo zipeleke kwenye mboga.

Salfa ndiyo ya mwisho. Ile ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ndiyo hiyohiyo. Kwa chungu cha lita 40 weka gramu 40, si zaidi, uichanganye vizuri kabla ya kujaza. Salfa yenyewe haina tindikali. Bakteria wa udongo ndio wanaoibadilisha, na wanahitaji joto, unyevu na muda wa wiki sita hadi nane. Ndiyo sababu mchanganyiko unatakiwa utayarishwe Januari au Februari, ukae na unyevu chini ya turubai lililoachwa wazi pembeni, na upandwe masika inapoanza. Anayechanganya leo na kupanda kesho, kisha akapima wiki ijayo na kuona pH haijasogea, huongeza salfa. Baada ya miezi mitatu zote zinafanya kazi kwa pamoja na mizizi inaungua.

Kwa wenye udongo wa kichanga usiotoa povu, kama sehemu za ndani kuelekea Muheza, salfa inaweza kwenda ardhini moja kwa moja: gramu 50 hadi 60 kwa mita moja ya mraba kuteremsha pH kutoka 7 hadi 5.5. Tifutifu inataka mara mbili au tatu ya hapo, igawanywe kwa awamu mbili zilizopishana miezi mitatu. Kichanga hicho mara nyingi kina pia minyoo fundo inayotia vinundu kwenye mizizi. Januari hadi Februari, lowesha tuta, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa udongo, liache wiki sita. Joto la kaskazi litapunguza minyoo na mbegu za magugu. Salfa itiwe baada ya hapo, kwa sababu joto hilo linaua hata bakteria unaowahitaji.

Sasa maji. Unaweza kutengeneza udongo bora kabisa na kuuharibu kwa kisima. Angalia birika lako: ukoko mweupe ndani yake ni chokaa iliyotoka kwenye maji, na chokaa hiyo unaimwaga kwenye chungu kila siku. Katika msimu mmoja pH inaweza kupanda kutoka 5.3 hadi 6.5 bila wewe kugusa chochote. Maji ya mvua ndiyo maji ya haidranjia. Bati la nyumba na mapipa mawili ya lita 200 vitasaidia sana vyungu vitatu au vinne katikati ya mvua za masika na vuli, ukiacha mvua ya kwanza isafishe bati kwanza. Wengine hutia siki kwenye maji ya kisima. Inashusha pH siku hiyo, lakini vijidudu vya udongo huila siki na chokaa inarudi ilivyokuwa. Asidi ya betri isikaribie bustani. Iliyotumika ina risasi.

Na lazima niseme wazi: hata ukifanya yote haya, haidranjia ya pwani inaweza kujaa majani mazuri na kukosa maua, kwa sababu usiku wa Tanga mjini haupoi vya kutosha, hata Julai. Hilo udongo hauliponyi. Mwenye ndugu Lushoto anaweza kukipandisha chungu Juni na kukiteremsha Septemba. Wengine wanunue mche wenye vichwa vilivyokwishafunga. Ukae mahali panapopata jua mpaka saa nne asubuhi, kisha kivuli.

Shabu, mbolea, na yanayosemwa mitaani

Shabu ileile ya kutakasia maji na ya vinyozi ina alumini, na inafanya kazi kama salfeti ya alumini ya madukani, ila kwa nguvu kidogo kuliko hiyo. Isage, yeyusha kijiko kimoja kikubwa kwenye lita 4 za maji ya mvua. Lowesha udongo kwanza kwa maji matupu, kisha mimina lita 2 hadi 4 kwa chungu cha lita 40, mbali na majani. Fanya hivyo mara tatu, kila baada ya wiki mbili au tatu, kuanzia matawi mapya yanapochipua. Ua lililokwishafunguka halibadiliki. Unachofanya leo utakiona kwenye maua yanayofuata. Udongo mkavu ukimwagiwa shabu, ncha za mizizi zinaungua na mmea unanyauka ukiwa na maji tele miguuni. Kwenye udongo wenye chokaa shabu haina maana, alumini inafungika dakika hiyohiyo.

Kwa mbolea ya bluu, SA (salfeti ya amonia) ndiyo chaguo langu, kwa sababu inalisha naitrojeni na kushusha pH kwa wakati mmoja. Kijiko cha chai kwenye lita 4 za maji kwa chungu, kila wiki nne, pamoja na salfeti ya potasiamu kiasi hichohicho mara moja kila miezi miwili. Mbolea ya CAN (nitrati ya amonia na kalisi) ina chokaa ndani yake. Mwachie mtu wa waridi.

Misumari yenye kutu inatoa chuma, wala haigeuzi rangi. Majani ya chai na machicha ya kahawa ni mboji nzuri kwa kiasi cha gao moja kwa wiki, lakini hayashushi pH kwa kiwango cha kuonekana. Matandazo ya majani ya mvinje au ya misonobari ya Shume nayo ni hivyo hivyo. Yaweke, unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha wazi upana wa kiganja kuzunguka shina, kwa sababu yanatunza unyevu na ubaridi wa mizizi. Usiyategemee kwa bluu.

Majani yanavyosema

Majani machanga ya juu yakiwa ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, hiyo ni chuma iliyofungika kwa chokaa: pima pH ya chungu kabla ya kununua mbolea. Namna nyepesi ni kumwagilia kawaida, kusubiri nusu saa, kumimina kikombe cha maji ya mvua juu, na kukinga matone yanayotoka chini kwenye kisahani kisha kuyapima kwa karatasi. Majani ya chini yakiwa ya njano yote, mmea una njaa ya naitrojeni. Kingo zilizokauka kahawia ni chumvi, ya makumbi au ya kisima au ya mbolea iliyozidi. Pitisha lita 80 za maji ya mvua kwenye chungu cha lita 40, polepole, na usitie mbolea kwa mwezi. Mmea kunyauka saa nane mchana na kuinuka wenyewe jioni ni joto tu. Ukinyauka na usiinuke wakati udongo umelowa, uchomoe uangalie mizizi: myeupe ni mizima, ya kahawia inayovuliwa kama soksi imeoza, na hapo mchanganyiko wako unahitaji mchanga zaidi.

Vumbi la makumbi linashikana na kupungua kimo kadiri linavyooza. Kila miaka miwili, mara baada ya maua, toa mmea, kata robo ya mizizi ya nje kwa kisu kikali, badilisha nusu ya mchanganyiko, tia salfa gramu 20, na uurudishe kwenye chungu kilekile.